Fahali Namba Tano na Mkwe Nyuma ya Pazia

Watu wakisikia kwamba familia yetu ilimchagua fahali wa kupanda ng'ombe ikiwa imekaa kwenye chumba kimoja cha mtaa wa Shauri Moyo, katikati ya mji, hucheka. Nawaambia wacheke polepole, wabakishe pumzi, kwa sababu bado sijafika penyewe.

Nianze na kisa chenyewe. Mama yangu anaishi kijijini, Ukambani, peke yake tangu baba afariki. Mwaka uliotangulia kikao hicho, ng'ombe wake mkubwa, yule aliyetusomesha kwa maziwa, alipandwa na dume la jirani, dume lenye shingo kama gunia la mahindi. Kila mtu alimpongeza. Siku ya kuzaa ndama akakataa kutoka. Walivuta kwa kamba tangu asubuhi hadi majirani wakaanza kuyakwepa macho ya Mama. Ng'ombe akafa, na ndama akafa naye. Zizini akabaki mtamba mmoja tu, binti wa marehemu, mwekundu, mpole, mwembamba wa kiuno.

Mama alinipigia simu akasema, "Ng'ombe wa maskini hazai, wahenga walisema. Huyu naye akinifia kwa uzazi, miti ya zizi naifanya kuni, nakuja kukaa kwenu." Hakuwa anatania. Nilikaa naye baada ya msiba ule wa ng'ombe, nikamwona akiamka alfajiri, anachukua ndoo, anafika zizini, anasimama. Anarudi na ndoo kavu. Hilo liliniuma kuliko mambo mengi niliyowahi kuyaona, na nilitaka mtamba yule aishi, azae, amalize. Kisha huko "kwenu" alikosema ni chumba kimoja chenye pazia katikati. Tungemweka wapi, juu ya cherehani yangu?

Basi familia ikakubaliana kununua fahali mmoja kwa pamoja, apande mtamba wa Mama na ng'ombe wa wajomba. Tulipata ranchi moja kule nyikani ambako wanapima madume yao. Wanawalea pamoja, wanawapima uzani tangu siku ya kuzaliwa, kila kitu kinaandikwa, kisha mnunuzi anatumiwa karatasi achague. Walitutumia madume wanane. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni karani wa mahakama pale Makadara, alichapisha karatasi hiyo nakala za kila mtu, akazibana na pini kama faili la kesi. Mama akapanda basi akaja, kwa sababu alisema mume wa mtamba wake hatachaguliwa yeye akiwa hayupo.

Kikao kilikuwa kifanyike Makadara kwa Baba mdogo. Huyu ni mdogo wake marehemu baba, dereva wa basi aliyestaafu, siku hizi ni shemasi kanisani, na hakuna jambo la familia linalopita bila maombi yake. Lakini Jumamosi hiyo bomba la maji taka lilipasuka mbele ya mlango wake, kukawa hakukaliki. Wakaamua waje kwangu. Kupiga simu? Nani apige simu! Nilisikia hodi, na kabla sijasema karibu walikuwa ndani, Baba mdogo, kaka, na nyuma yao Mama na kikapu cha njugu.

Nilihisi moyo unashuka mpaka kwenye malapa. Mume wangu alikuwa amelala nyuma ya pazia, kaptura tu mwilini.

Wasiotujua hawataelewa, kwa hiyo ngoja nieleze. Mume wangu hufanya kazi usiku Kiamaiko, karani wa mizani kwenye kichinjio cha mbuzi, na mchana ndio usiku wake. Na sisi Wakamba tuna kitu kinachoitwa nthoni, ile aibu ya heshima kati ya mkwe na mama mkwe wake. Hawali pamoja. Hawashikani mikono. Wakikutana njiani, mmoja wao ghafla anaona kichaka kizuri anakiingia. Mjini wengi wameilegeza, lakini Mama hajalegeza hata uzi. Tangu niolewe, mume wangu alikuwa akimsalimu kutoka ng'ambo ya barabara, ameinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha shilingi. Na mambo ya mwili, ya uzazi na ya sehemu zile, hayo hayatajwi kabisa mbele ya wawili hao, hata kwenye maombi.

"Mama, keti huku dirishani, kuna hewa," nikamwambia.

"Hapa panatosha," akasema, akaketi kwenye kiti cha mto, ambacho mgongo wake unagusa pazia.

Kwa hiyo mlango ulikuwa upande ule, Mama katikati, na mume wangu upande huu, hawezi kutoka bila kumruka mama mkwe akiwa na kaptura tu. Nilijua ameamka kwa sababu kitanda kilichokuwa kinakoroma kilinyamaza ghafla.

Na sasa sikilizeni balaa lenyewe. Kabla ya Kiamaiko, mume wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye ranchi, kazi yake kuwapima madume ya majaribio na kujaza karatasi kama ile ile. Katika chumba kile ni yeye peke yake aliyejua kuisoma. Na ni yeye peke yake aliyekuwa hayupo.

Kaka akagawa nakala, nami nikavuta kigoda nikakaa kwenye ukingo wa pazia, yangu nikaipenyeza nyuma kwa mume wangu.

Kaka akasimama, akakohoa. Kaka hupenda maksi. Utotoni hakuwahi kutuuliza habari za shule, aliuliza umekuwa wa ngapi. "Nimepitia matokeo," akasema. "Anayeongoza ni namba tano. Amepata mia na kumi na tano."

"Kati ya ngapi?" Baba mdogo akauliza.

"Kati ya mia."

"Ngai, Mungu wangu! Amepita mtihani mpaka akapitiliza."

Kidole kikanichoma mgongoni kupitia pazia. "Mia ni wastani," mume wangu akanong'ona. "Waambie mia ni wastani."

"Mia ni wastani," nikasema kwa sauti. "Ni wastani wa kundi lake, wale aliolelewa nao. Mia na kumi na tano maana yake amewapita wenzake kiasi hicho, basi."

Kaka akanitazama. "Wewe umejulia wapi?"

"Si imeandikwa hapo chini."

Hapo chini palikuwa na nambari ya simu ya ranchi tu, lakini kaka hakuangalia, kwa sababu hawezi kuamini kwamba mimi naweza kusoma kitu yeye akakikosa.

Kidole tena. "Huyo tano na namba mbili, ninayemtaka mimi, si kundi moja. Tano ni wa kundi la pili, walikuwa malisho mabaya, wenzake wote dhaifu. Usilinganishe."

Nikasema hayo. Nikaongeza langu, "Kaka, kuwa wa kwanza kwenye darasa ambalo nusu yao hawakufika shuleni, hiyo nayo ni sifa?"

"Namba wani ni namba wani," kaka akajibu, na Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, maana hata yeye anaamini hivyo, na watoto wake wanajua.

Mama alikuwa anamenya njugu. Akaniambia bila kuinua macho, "Tangu lini wewe unajua mambo ya ng'ombe? Ulikuwa unakimbia kukamua, unajificha chooni."

"Nimebadilika, Mama."

"Hmm."

Tukaendelea. Kaka akagundua kwamba namba sita ana uzani wa aina mbili wa kuachishwa ziwa, wa mizani na wa kusahihishwa, na huo wa pili ni mkubwa zaidi. Akapandwa na hasira. "Wizi wa mitihani! Wamemwongezea maksi!" Kutoka nyuma yangu nikaletewa jibu, nikalipitisha: mama yake namba sita alikuwa anazaa mara ya kwanza, maziwa yake machache, ndiyo maana wanamwongezea mtoto kidogo ili asionekane mvivu kumbe alikuwa na njaa. Kaka akasema basi hata yeye aongezewe kwenye cheti chake cha kidato cha nne. Lakini Mama akaacha kumenya. "Hiyo ni haki," akasema. "Mama mchanga hana maziwa." Na akachukua karatasi yake mara ya kwanza, akaishika mbali na macho, akaitazama.

Hapo nyuma ya pazia ikatoka chafya. Kubwa.

"Ni jirani," nikasema upesi. "Ukuta huu ni karatasi."

Kisha kaka akafika kwenye uzani wa kuzaliwa, na hapa ndipo damu yangu ilipochemka. Mnajua sisi watu. Mtoto akizaliwa, kabla ya kuuliza jina, kabla ya kuuliza mama yuko hai, tunauliza: kilo ngapi? Ukisema mbili na nusu watu wanasema aa, atakua tu. Ukisema nne, vigelegele, kana kwamba baba yake ndiye aliyemsukuma.

"Namba tano," kaka akatangaza, "alizaliwa na kilo arobaini na nne!"

"Haiya!" Baba mdogo akapiga makofi. "Mtoto mwenye afya! Mungu apewe sifa."

"Na namba mbili?" nikauliza.

"Ishirini na saba." Kaka akaitaja kama mtu anayetaja ugonjwa. Baba mdogo akatikisa kichwa, akamhurumia namba mbili kwa dhati, akasema labda mama yake hakuwa akila vizuri.

Mume wangu hakunichoma kidole safari hii, alinifinya. Ilikuwa dhahiri anachotaka niseme: ndama mkubwa, nyonga nyembamba. Nikasema, "Baba mdogo, uzani wa kuzaliwa ukiwa mkubwa si sifa. Dume huwapa watoto wake huo ukubwa. Mtamba wa Mama ni mdogo."

"Binti yangu, mtoto mkubwa ni baraka."

"Ni baraka ya nani? Umeshawahi kuzaa?"

"Haya, haya, heshima," akasema shemasi, akafunga mjadala kwa kiganja.

Safu ya mwisho, ya saba, kaka alianza kuisoma kwa ujasiri. "Mzingo wa koro..." Akakohoa. Akamtazama Mama. Mama akatazama dari. "Mzingo wa, eeh. Wa kule nyuma."

"Safu hiyo tuiache mikononi mwa Bwana," Baba mdogo akasema.

"Usiruke hiyo!" pazia likanong'ona, sasa kwa sauti ya mtu mwenye kibofu kilichojaa. "Tano ana ndogo kuliko wote! Akipanda ng'ombe, hawatashika mimba!"

Jamani, mimi mtoto wa kike, mbele ya mama yangu na mdogo wa baba yangu, nikapiga moyo konde. "Hiyo safu ndiyo inaonyesha kama dume atatia mimba ama atakula nyasi bure. Namba tano hana kitu huko."

"Mama yako yuko hapa!"

"Na mtamba wake je, Baba mdogo? Nani yuko hapa kwa niaba ya mtamba?"

"Tuendelee na safu ya nane," akasema kwa ukali. Safu ya nane haikuwepo. Kaka aligeuza karatasi akatafuta upande wa pili.

Wakapiga kura wawili kwa mmoja, kaka na Baba mdogo upande wa namba tano. Mama hakuinua mkono. Alikuwa na woga, niliuona, aliishika ile karatasi kwa vidole vyote, hata vya miguu kama angeweza, lakini mbele ya shemeji yake na mwanawe wa kiume alisema tu, "Nyinyi ndio mmesoma." Na Baba mdogo akasimama aombe.

Kwetu huo ndio muhuri. Jambo likishaombewa limekwisha, hata kama ni la kipumbavu. Tulishawahi kuombea gari bovu, likanunuliwa, liko kijijini hadi leo kuku wanalala ndani. Nikainama, nikanong'ona kwa pazia, "Sema mwenyewe, baba. Mimi nimeshindwa." Tukafumba macho.

"Baba mwenye rehema," Baba mdogo akaanza, "tunakushukuru kwa kutuonyesha namba tano..."

"Hapana!"

Ilikuwa sauti nene ya kiume, kutoka juu kidogo ya vichwa vyetu. Baba mdogo hakufumbua macho. Aliinua mikono zaidi, na kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuusikia kwake akauliza, "Bwana, basi ni namba ngapi?"

Ikapita pumzi moja ndefu.

"Mbili," sauti ikajibu.

Kaka akapiga magoti chini, karatasi zote zikatawanyika. Mimi nilikuwa nimejiuma leso nisicheke, machozi yananitoka. Kisha nikamsikia Mama, mtulivu kabisa: "Shemeji, fumbua macho. Huyo si Mungu, ni mkwe wangu. Nimemsikia akipiga chafya, na Mungu hana mafua."

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo alikuwa bado ameinua mikono, hajui aishushe vipi.

"Aseme," Mama akasema, akitazama mlango, mgongo wake kwa pazia. "Ameshaniaibisha na mimi nimeshamwaibisha. Sasa aseme yote."

"Mama," mume wangu akasema. Hajawahi kumwita hivyo ana kwa ana, wala huko hakukuwa ana kwa ana hasa. "Unisamehe kwa maneno yangu. Namba tano alizaliwa mkubwa sana, na watoto wake watarithi. Mtamba wako nyonga yake ni nyembamba, na itakuwa mimba ya kwanza. Kichwa kitapita. Mabega yatakwama. Nimewavuta ndama wa namna hiyo kwa mikono yangu, najua. Namba mbili alizaliwa mdogo, lakini tazama uzani wake wa mwaka mmoja, amewafikia karibu wote. Huyo anaingia duniani bila fujo, halafu ndio anakula. Na ile safu ya saba, Mama, yuko sawa."

Nilidhani Mama atainuka atoke. Aliweka njugu kikapuni.

"Kichwa kilipita," akasema. "Ile siku. Hamkuwepo nyinyi. Kichwa kilipita, nikamshika ulimi, ulikuwa na joto, alikuwa ananyonya kidole changu. Mabega ndiyo yalikataa." "Nilidhani sikuvuta vizuri. Mwaka mzima nadhani sikuvuta vizuri. Na nyinyi mkaniambia ni mapenzi ya Mungu."

Baba mdogo akashusha mikono, akaketi. Nilitaka kumkumbatia Mama na nilitaka kumpiga mtu, sijui nani. Na yule mtu wa nyuma ya pazia, na kaptura yake, nilimpenda saa ile kuliko siku ya harusi.

"Namba mbili," Mama akasema.

Kaka akajaribu mara ya mwisho, kutoka sakafuni. "Lakini Mama, namba mbili ni wa sita!"

"Hata wewe ulikuwa wa sita. Tulikulea."

Ikabaki shida ya kumtoa mkwe. Baba mdogo, aliyefurahi kupata kitu cha kuamua, akaamuru sote tujifunike vichwa. Mama akajifunika leso, kaka koti, shemasi mwenyewe Biblia. Nikasikia miguu ikipita mbio, mlango, kisha kutoka kwenye mfereji vijana wa ploti wakipiga kelele, "Niaje mzae! Unakimbizwa na nani?" Hakuwajibu. Alikuwa anaelekea chooni.

Wazee walimtoza mbuzi na blanketi, ndiyo faini ya kufungua mdomo mbele ya mama mkwe. Mbuzi alimchagua mwenyewe Kiamaiko, na bila shaka alimpima. Mama aliipokea faini, akala nyama, akajifunika blanketi, na tangu hapo wakawa wanaongea kwa simu, salamu na mvua, maneno machache machache ya watu wawili wanaojifunza.

Fahali namba mbili alifika kijijini kwa lori. Majirani walikuja kumtazama wakasema ni mdogo. Mtamba alishika mimba. Mama hakutuambia tarehe, wala hatukumuuliza. Tuliogopa sote. Mimi nilikuwa nikisikia simu inalia nashona kombo.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, nashona sare za shule, mume wangu amelala. Mama akapiga. "Mpe mwenye nyumba," akasema. Nikamuuliza kuna nini. "Mpe mwenye nyumba!"

Nikamwamsha. Akakaa kitandani, simu sikioni. "Ndiyo, Mama. Miguu ya mbele? Miwili? Na pua umeiona... Sawa. Weka kamba chini. Najua. Najua, Mama, lakini iweke chini. Wewe hukukosea chochote ile siku. Kaa tu karibu naye."

Nilikuwa nimesimama na mkasi mkononi, nimesahau kuuweka. Mara uso wake ukakunjamana, akafunika macho kwa kiganja, akanipa ishara nije. Nikaweka sikio langu karibu na lake. Mama alikuwa haongei. Alikuwa ameiweka simu pale chini zizini, na tulisikia ulimi wa ng'ombe ukimlamba mtoto, mkwaruzo mzito, wa haraka, na Mama kwa mbali akirudia, "Simama, simama, simama."

Salio lake likaisha. Mume wangu akabaki ameshika simu sikioni, macho kafumba, na mimi sikumwambia kwamba imekatika.